Tupeane uzoefu: funguo za kamusi zilizowahi kukutoa jasho kwenye programu

Wakuu, naanza mimi. Nilimwandikia mjomba programu ya Python ya stoo ya duka lake la vifaa vya ujenzi. Kila bidhaa ina namba, na idadi inakaa kwenye kamusi (orodha ambayo kila ufunguo una thamani yake): 1 saruji, 2 misumari, 3 bati. Jioni inahifadhiwa kwa JSON (muundo wa kuhifadhi data kama maandishi), asubuhi inasomwa tena. Siku ya pili misumari ikatokea mara mbili: 2 ya namba na "2" ya maandishi, kila moja na hesabu yake. Kumbe JSON ukiipa ufunguo wa namba inaugeuza stringi, yaani maandishi, kimyakimya. Mjomba alishaanza kumtazama vibaya kijana wa dukani.

Nikaandika kilaibrari kidogo: kamusi unayoitajia aina ya funguo tangu mwanzo, ukiingiza nyingine inagoma palepale. Na msiniambie niandike tu dict[int, int] (tamko kwamba funguo na thamani ni int, yaani namba nzima), Python haikagui hayo wakati programu inakimbia. Nyie je?

———

Afadhali yako ya siku ya pili. Yangu ya PHP ilikaa miezi tisa. Funguo ni miezi, "01" mpaka "12", nalinganisha kwa ===, inayotaka hata aina ifanane. Januari mpaka Septemba, safi. Oktoba mauzo sifuri! PHP huiacha "09" ikiwa stringi kwa sababu ya ile sifuri ya mbele, lakini "10" inaigeuza namba. Bosi akadhani watu wa mauzo wamelala.

———

JavaScript: nilitumia objekti kama ufunguo, wateja wote wakawa mteja mmoja anayeitwa "[object Object]". Nikahamia Map, inayokubali objekti yenyewe kama ufunguo.

———

Mleta mada, hiyo laibrari umeirithisha dict moja kwa moja na kuandika upya __setitem__ (inayoitwa ukiandika d[k] = v)? Jaribu kuingiza kitu kwa update().

———

Duh. Imeipitisha "2" bila hodi.

———

Ndiyo, update() ya dict haipiti kwenye __setitem__ yako. Rithi UserDict ya collections, ambayo update() yake inapita humo. Halafu unakagua aina kwa isinstance, inayokubali na aina zilizorithi? Bool (aina ya True na False) ni mtoto wa int, kwa hiyo True itaingia kama namba. Tena kwa Python True na 1 ni ufunguo uleule, utafuta idadi ya bidhaa namba 1. Kagua kwa type(k) is int.

———

Namba 1 ndiyo saruji. Ngoja nimpigie mjomba.