Naomba ushauri: spika ya bluetooth kuifanya sabufa

Habari za jioni wakuu. Nina amplifaya ya zamani ya stereo na spika mbili ndogo. Sauti safi, ila besi hamna; kwenye rumba gitaa la besi unalisikia kwa mbali tu. Sabufa kwa sasa mfuko hauruhusu, na ndani ninayo spika kubwa ya bluetooth yenye besi nzito, nikaona niitumie hiyo.

Nilichomeka kidude cha kurusha bluetooth kwenye tundu la REC OUT (la kutolea sauti ya kurekodi) la amplifaya. Inalia, lakini besi inakuja nyuma ya ngoma, inakera kweli. Kwa waya wa AUX kuchelewa kukapungua, hakukuisha. Nahisi spika inachakata sauti kidijitali kwanza. Halafu nikipunguza volyumu ya amplifaya, hiyo spika ya bluetooth inaendelea kunguruma vilevile, na inatoa hadi sauti za waimbaji.

Muziki natoa kwenye laptop. Je, kuna programu ya kuchelewesha spika za amplifaya ili ziende sawa na hii? Na kichujio cha kuikatia kila kilicho juu ya Hz 80 nikiweke wapi, kwenye laptop au kwenye waya?