Samaki wa babu alikuwa silikanti?

Mjukuu wa Mvuvi: Mwaka 2004, hapa Tanga, jarife la babu lilinasa samaki mzito, buluu yenye madoa meupe, mapezi kama miguu. Ndiye silikanti?

Mwalimu Mstaafu: Ndiye, mwanangu! Wataalamu walimjua kwa visukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka mawe) tu, wakidhani alitoweka pamoja na dinosaria. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, akamkuta kwenye samaki wa meli ya uvuvi. Wa pili alivuliwa Komoro, 1952.

Mzamiaji: Mchana hujificha mapangoni, mara nyingi mita 100 hadi 200 chini. Huzaa watoto hai. Tafadhali, majarife yasitegwe huko.

Mjukuu wa Mvuvi: Ahsanteni. Babu alisema nyama yake ilijaa mafuta, hailiki.