Dada yangu ana MS: je, mazoezi ya majini yanamfaa?

Mwulizaji, Mombasa
Hamjambo ndugu. Dada yangu aligunduliwa mwaka jana kuwa na multiple sclerosis (MS), ugonjwa wa neva. Mguu wake wa kushoto hukakamaa, na akitembea juani macho huingia ukungu, hata tukadhani ugonjwa unazidi. Alishauriwa afanye mazoezi majini, lakini bwawa tulilokwenda lilikuwa na maji ya uvuguvugu, na baada ya robo saa alitoka hoi, asiweze kupanda ngazi bila kushikwa. Je, tuache?

Jibu la 1
Poleni kwa kuuguza. Msiache; nadhani kosa lilikuwa la maji. Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva, na neva iliyovuliwa utando huo hushindwa kupitisha ujumbe vizuri joto la mwili linapopanda, hata kwa nusu digrii. Wilhelm Uhthoff, daktari wa macho wa Ujerumani, aliieleza hali hiyo mwaka 1890, na kwa kawaida hupita mwili ukipoa. Mabwawa ya tiba ya nyuzi 33 na zaidi huwafaa wenye baridi yabisi. Dada atafute la nyuzi 27 hadi 29, na mwende na kipimajoto chenu, maana mhudumu atawaambia tu kwamba maji "ni mazuri".

Jibu la 2
Mimi mwenyewe ninaishi na MS. Huingia hadi maji ya kifuani, ambako miguu hubeba takriban theluthi tu ya uzito wangu, nikashika ukingo, nikainua goti polepole, kisha nikatembea kinyumenyume. Nikiyumba, maji hunipa nafasi ya kujirekebisha. Taabu ni kutoka, kwa sababu uzito wote hurudi kwa mara moja. Kwa hiyo huketi kwanza kwenye ngazi, maji yakiwa kiunoni, hadi miguu inirudie. Viatu vya mpira viwe karibu, kwani vigae vilivyolowa vimeshaniangusha mara mbili.

Mwulizaji
Ahsanteni sana. Je, baharini?

Jibu la 1
Mawimbi si rafiki wa mtu anayeyumba, na wakati wa kaskazi maji ya pwani yetu huwa na joto. Bwawa lenye kivuli, asubuhi na mapema, ni bora, ila lisiwe la baridi kali, kwani misuli itakaza zaidi. Asiingie peke yake. Ukungu wa macho ukizidi saa 24 ilhali mwili umekwisha kupoa, mpelekeni kwa daktari wake.