Mashine ya bloku za udongo ilitoka wapi, na mfuko mmoja unatoa bloku ngapi?

Mkaazi wa Lurambi: Habari zenu wakubwa. Nyumba ya vyumba vitatu, Lurambi, Kakamega. Fundi anataka tutumie bloku za intaloki, zile zenye meno ya kushikana, za udongo wa palepale kwenye ploti, na anasema mfuko mmoja wa saruji unatoa bloku 150. Je, teknolojia hii imejaribiwa kweli, au ni mtindo wa juzi? Na hiyo 150 ni sawa?

Kipimo Sawa: Si ya juzi, ndugu. Mashine ya kwanza ya mkono ya aina hii, CINVA-Ram, ilibuniwa miaka ya 1950 huko Bogotá, Colombia, na mhandisi Raúl Ramírez, katika kituo cha utafiti wa makazi kilichoitwa CINVA. Ile ilitoa tofali la kawaida lisilo na meno, la kujengea kwa chokaa cha saruji. Meno ya kushikana yalikuja baadaye. Kwa upande wetu huku, Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alitengeneza bloku inayoshikana pande zote na ile iliyopinda ya kujengea tangi la maji, na kampuni ya Makiga ya hapa Kenya ikaunda mashine. Ilipendwa kwa sababu tofali la kuchoma linakula kuni, na miti imekwisha.

150 siikubali. Bloku ya sm 26.5 kwa 14 kwa 10, kwa mchanganyiko wa 1 kwa 16 au 1 kwa 18 (saruji sehemu moja, udongo sehemu 16 au 18), inatoka kati ya 90 na 105 hivi kwa mfuko wa kilo 50. Ukitaka 150 lazima ufike karibu 1 kwa 26. Ukuta kama huo unamomonyoka mvua ikipiga, ukiupapasa unga unabaki mkononi. Mita moja ya mraba inakula bloku 38 hivi, kwa hiyo ukuta wa mita 100 za mraba ni bloku 3,800, sawa na mifuko 40. Hapo ndipo uongo wa fundi unapokugharimu.

Sanduku na Rula: Kabla ya kubishana kuhusu saruji, pima udongo. Ondoa kwanza ule wa juu wenye mizizi, kama nusu mita. Unda kisanduku cha mbao chenye nafasi ya ndani ya sm 60 kwa 4 kwa 4, kipake grisi, kijaze udongo uliolowa, uache juani siku tatu. Kisha sukuma udongo wote upande mmoja upime pengo. Chini ya mm 12, tumia 1 kwa 18. 12 hadi 24, 1 kwa 16. 24 hadi 36, 1 kwa 14. 36 hadi 48, 1 kwa 12. Ukizidi hapo, ongeza mchanga upime tena. Udongo mwekundu wa Kakamega mara nyingi unakubali. Ule mweusi wa nyanda za Kano, kule Kisumu, usijaribu: unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Kipimo Sawa: Na kipimo kiwe debe, si koleo. Mfuko ni kama madebe mawili, hivyo 1 kwa 16 ni madebe 32 ya udongo uliochekechwa. Changanya vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji. Finyanga donge, liangushe kutoka kimo cha mita moja: likivunjika vipande vinne au vitano, piga mashine. Likitawanyika unga, maji ni machache na kingo zitakatika. Likibaki bapa, litanata kwenye kalibu. Usichanganye mifuko miwili kwa mpigo: saruji ikianza kushika kabla ya kushindiliwa, nguvu imekwenda.

Mkaazi wa Lurambi: Asanteni sana. Na kumwagilia?

Sanduku na Rula: Siku saba chini ya nailoni, maji asubuhi na jioni, kisha subiri hadi siku 28 ndipo ujenge. Wengi huanika juani siku ya pili, na hapo ndipo nyufa huzaliwa. Msingi na nusu mita ya kwanza juu ya ardhi jenga kwa mawe, maana mvua ya Kakamega inaruka kutoka chini. Paa litokeze sm 60. Na fundi wa umeme aitwe mapema, apitishe mabomba kuta zikipanda. Akija na patasi baadaye, atazivunja.