Mjadala: Je, majibu ya vipimo vya damu vya moyo yasomwe kwa kuzingatia asili ya mgonjwa?

Mtoa mada, Area C, Dodoma

Ndugu zangu, karatasi ya majibu ya lehemu tunayopewa maabara ina safu tatu: jina la kipimo, kiasi kilichopatikana na kiwango cha kawaida. Safu ya tatu, ambayo ndiyo hutufanya turudi nyumbani tukiwa na amani au hofu, haikutokana na damu ya Mgogo wala ya Mrangi. Kwa sehemu kubwa ilitokana na watu wa Ulaya na Marekani. Ninapendekeza viwango hivyo vipangwe upya kwa asili ya mgonjwa.

Ushahidi upo. Lipoprotini (a), chembe ya damu inayobeba lehemu na ambayo ikizidi huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, iliyogunduliwa na Kåre Berg nchini Norway mwaka 1963, kwa wastani huwa mara mbili hadi tatu zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu. Triglisaridi, yaani mafuta mengine yanayopimwa kwenye damu, nazo huenda kinyume: Wamarekani weusi huwa nazo chache kuliko weupe, hata mwili unapokuwa umeanza kushindwa kutumia insulini vizuri, hivyo daktari anayesubiri zipande ndipo ashtuke anaweza kuchelewa.

Mchangiaji, Kisasa

Ndugu mtoa mada, takwimu zako sizipingi. Ninapinga suluhisho unalopendekeza. Kwanza, asili ipi? Kondoa na Chemba peke yake utakuta Warangi ambao ni Wabantu, Waburunge ambao ni Wakushi, Wabarbaig ambao ni Waniloti, na Wasandawe ambao lugha yao haimo katika makundi hayo yote. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2009 uliohusisha jamii 121 za Afrika ulibaini makundi 14 ya asili. Kisanduku kimoja cha "Mwafrika" kwenye fomu kitaficha mengi kuliko kitakavyoonyesha.

Pili, tunao ushahidi wa hapa hapa nchini. Utafiti wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996, ulilinganisha Wabantu wa kando ya Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku na Wabantu wenzao wa milimani waliokula mboga na nafaka. Wala samaki walikuwa na presha ndogo, lehemu ndogo na hata lipoprotini (a) ndogo, ingawa hiyo ya mwisho hutawaliwa zaidi na urithi. Asili ilikuwa moja, majibu yakawa mawili.

Lakini ninaloliogopa hasa ni hili. Tukisema kiwango kikubwa cha lipoprotini (a) ni cha kawaida kwa Mwafrika, tutamwambia mtu aliye hatarini kwamba yu salama, ilhali uchambuzi wa takwimu za Uingereza za watu zaidi ya 460,000, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba hatari huongezeka kwa kadiri inayokaribiana kwa weusi, weupe na wenye asili ya Asia Kusini. Kipimo kikishasomwa, kabila la mgonjwa linaongeza nini? Wamarekani wenyewe waliondoa rangi kwenye kanuni ya kukadiria kazi ya figo mwaka 2021, na kwenye kanuni mpya ya hatari ya moyo mwaka 2023.

Mchangiaji, Kondoa

Tusiifute asili kwenye utafiti, jamani. Mwaka 2006 ilionekana kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa walikuwa na mabadiliko katika kinasaba cha PCSK9. Lehemu yao mbaya ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Matokeo hayo yalichangia kupatikana kwa dawa mpya za kushusha lehemu. Zahanatini ni jambo jingine. Huko jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2019 linakadiria hatari kwa umri, jinsia, sigara, presha na uzito, bila tone la damu.

Mtoa mada

Hoja ya kisanduku kimoja ninaiafiki. Ile ya kuacha safu ya tatu kama ilivyo, hapana. Utaratibu wa maabara unataka angalau watu 120 wenye afya ili kuweka kiwango cha mahali, na Dodoma hawakosekani. Ugomvi uliobaki ni nani ahesabiwe mwenye afya: mkulima wa Chamwino anayekula ugali wa mtama na mlenda, au karani wa Mtumba anayeshinda kitini na kula chipsi mayai?