Natafuta dada wa kulea Jumamosi na Jumapili tu, hapa Tanga

Mama Nassra, Makorora
Asalaam aleikum wapendwa. Nahitaji mtu wa kukaa na watoto Jumamosi na Jumapili, saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Mkubwa ana miaka 3, mdogo miezi 8 na bado ananyonya. Siku nyingine bibi yao yupo, kwa hiyo dada wa kulala simhitaji. Nimlipe kwa siku au kwa mwezi? Na nimpime vipi kabla sijamwachia watoto?

Bi Mgeni
Waaleikum salaam mwanangu. Mlipe kwa siku, jioni ileile, na nauli iwe mbali na ujira. Mkingoja mwisho wa mwezi mtabishana ipi alikuja na ipi hakuja. Kubalianeni pia kwamba ukiahirisha Ijumaa usiku unampa nusu, maana keshakataa vibarua vingine kwa ajili yako.

Kinachowakimbiza wengi ni nguo. Mwenye nyumba akiona dada kafika, anamtolea beseni la wiki nzima. Mtoto wa miezi 8 anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Mtu mwenye mikono kwenye povu atamwona saa ngapi? Na beseni lenyewe ni hatari, mtoto huzama hata kwenye maji machache. Kazi yake iwe kulisha, kuogesha, kulaza na kusuuza nguo walizochafua siku hiyo. Ya wiki mlipe kivyake, siku nyingine.

Kumpima: aje mara mbili nusu siku nawe ukiwepo, na umlipe. Mwachie uji aupike na kulisha, wewe kaa chumba cha pili. Tazama kama ananawa kabla ya kushika kikombe, na simu yake iko wapi mtoto anapokula.

Mpwa wa Chumbageni
Dada, saa ulizotaja ni 10. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku. Inayozidi hulipwa mara moja na nusu. Usiseme ile moja ni ya mapumziko: mtoto akilia ni yeye anayeinuka, kwa hiyo yuko kazini. Muulize pia Jumatatu hadi Ijumaa anafanya nini. Akiwa na nyumba nyingine wiki nzima, hana saa zake 24 za kupumzika kila wiki, na Jumapili mchana atasinzia kabla ya mtoto.

Chukua mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, wa mtaa wa jirani. Anayetegemea daladala kutoka Pongwe, saa 1 kamili hatakuwa mlangoni kwako. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya ndugu yake, na mwenyekiti wa mtaa amjue.

Nesi wa zamu
Maziwa uliyokamua: mezani hukaa kwa muda wa saa 4 kama chumba kina ubaridi, na kwa joto letu hili usiyaache kabisa. Kwenye friji, ndani kabisa na siyo mlangoni, hukaa siku 4. Yapashwe kwa kutumbukiza chombo kwenye maji ya moto, yasiwekwe jikoni moja kwa moja. Yaliyobaki kwenye kikombe yamwagwe ndani ya saa 2. Huyo wa miaka 3 asipewe karanga nzima, humkaba.

Mama Nassra, Makorora
Ahsanteni sana. Na umeme ukikatika asubuhi nzima?

Nesi wa zamu
Friji isifunguliwe ovyo. Ukiona hautarudi upesi, hamishia maziwa kwenye kibebeo cha barafu, yazungukwe na barafu pande zote. Yatafika saa 24. Mwonyeshe dada kwa mikono yake Jumamosi ya kwanza, usimwachie maelezo ya mdomo tu.