Kikundi cha Ukoo wa Mzee Salehe: tambi na jodari wa kopo

[17:38] Zawadi: Shikamooni wakubwa. Nina tambi ndefu paketi moja ya gramu 500 na makopo mawili ya jodari, gramu 170 kila moja. Tuko watano, Bibi akiwemo. Jiko ni gesi ya kichwa kimoja. Nianze na kipi?

[17:40] Shangazi Mwajuma: Marahaba. Anza na rojo, tambi zije mwisho. Rojo linasubiri, tambi hazisubiri. Ukizichemsha kwanza zikakaa kwenye chujio robo saa unazikuta bonge moja.

[17:40] Shangazi Mwajuma: Una nyanya ngapi?

[17:41] Zawadi: Sita, zimeiva. Vitunguu maji viwili, saumu, hoho moja, limau, na kile kikopo cha nyanya cha gramu 70.

[17:44] Shangazi Mwajuma: Inatosha kabisa. Tumia kitunguu kimoja, kile kikubwa, ukikate chembamba. Saumu punje nne, usitwange, katakata kwa kisu. Ya kutwanga inashika chini ya sufuria na kuungua upesi, na saumu ikiungua rojo zima linakuwa chungu, hata sukari haisaidii. Nyanya zikate nusu uzikwangue kwenye kikwangulio, ganda litabaki mkononi, tupa.

[17:45] Ba'mdogo Hamisi: Kabla ya yote yatazame makopo. Kama limevimba, au ukibonyeza kifuniko kinaingia na kutoka kikilia, tupa, usionje hata kidogo. Kubonyea ubavuni si neno. Ubaya ni kubonyea pale kwenye mshono wa ukingoni, au kutu inayochubuka ukikwangua kwa kucha. Hapo hewa inaweza kuwa imeshapita.

[17:46] Zawadi: Yako salama ba'mdogo, tarehe ya mwisho ni mwakani.

[17:47] Neema: Wifi, mafuta ya kopo usimwage!!

[17:48] Shangazi Mwajuma: Ngoja kwanza Neema. Inategemea kopo. Soma ubavuni Zawadi, ni mafuta gani?

[17:49] Zawadi: Alizeti.

[17:51] Shangazi Mwajuma: Basi hayo ndiyo ya kukaangia, yameshachukua ladha ya samaki. Onja tone kwanza. Yakiwa makali ya shombo, changanya nusu kwa nusu na mafuta mapya. Kopo likiwa la maji ya chumvi, maji yote yamwagwe.

[17:52] Ba'mdogo Hamisi: Na mjue mnachonunua. Kopo la gramu 170 ukilichuja linabaki na samaki kama gramu 120 hivi, kwa hiyo makopo mawili ni robo kilo kasoro kidogo kwa watu watano. Si nyingi lakini inafaa kwa paketi ya nusu kilo. Tena kuna kopo la minofu mizima na kopo la samaki aliyesagika. La kusagika ni rahisi, ila kwenye tambi linapotea, unabaki na unga unga.

[17:53] Zawadi: Haya, sufuria iko jikoni.

[17:57] Shangazi Mwajuma: Vijiko vitatu vya chakula vya yale mafuta, moto mdogo kuelekea wa kati. Tia kitunguu na hoho iliyokatwa ndogo ndogo, dakika sita au saba. Kitunguu kilainike king'ae, kisiwe kahawia, hii siyo pilau. Ndipo saumu, nusu dakika tu, ikinukia basi. Kisha vijiko viwili vya chakula vya ile nyanya ya kikopo, uikaange humo humo kwenye mafuta dakika moja mpaka mbili. Utaona wekundu wake unakoza unakuwa kama wa tofali. Usiporuka hatua hiyo ile ladha ya bati inakwisha. Baada ya hapo mwaga nyanya zako za kukwangua.

[17:58] Sele: Na ambaye hana kikopo anaweza kutumia tomato sosi ya chupa dada zangu? Hapa hosteli ndiyo iliyopo

[17:59] Shangazi Mwajuma: Sele hiyo ina sukari na siki, tambi zitakuwa na utamu wa chipsi. Afadhali nyanya mbichi peke yake uzipike muda mrefu zaidi.

[18:00] Neema: Na mchuzi mix usitie wifi, una chumvi yake na samaki ana yake.

[18:02] Zawadi: Nafunika?

[18:04] Shangazi Mwajuma: Usifunike, tunataka maji yapungue. Moto wa kati, dakika 12 mpaka 15, ukikoroga kila baada ya muda. Alama yake hii: pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikibaki wazi kidogo kabla ya rojo kuifunika, na mafuta yanaonekana pembeni, limeiva. Likirudi papo hapo kama maji, bado. Watu wengi wanatoa hapo mapema halafu wanasema nyanya zina uchachu. Uchachu mwingine ni ubichi tu. Likiiva na bado lina uchachu, nusu kijiko cha chai cha sukari.

[18:05] Zawadi: Pilipili je? Watoto hawali na Bibi anaitaka.

[18:06] Shangazi Mwajuma: Pilipili mbuzi moja, nzima na kikonyo chake, iogelee juu ya rojo. Usiitoboe wala usiibane na mwiko. Inatoa harufu, ukali unabaki ndani. Mwisho itoe umwekee Bibi kwenye sahani yake aikamue mwenyewe.

[18:07] Ma'mdogo Asha: Mimi nasubiri mtu ataje nazi 😄 Huku Tanga tambi bila tui?

[18:08] Neema: Tumeanza

[18:11] Ma'mdogo Asha: Inawezekana na ni tamu, lakini hesabu inabadilika. Nyanya ziwe mbili tu, ziive mpaka zikauke kabisa. Kisha tui zito kikombe kimoja, moto mdogo, unakoroga na usifunike. Likianza kutokota kwa nguvu linakatika, unaona chenga nyeupe na mafuta juu. Na limau lisiingie sufuriani kabisa, kila mtu akamulie sahani yake. Ukikamua ndani na tui liko motoni umeshaliharibu. Kwa nyanya sita za Zawadi nazi haifai leo, vitashindana.

[18:12] Shangazi Mwajuma: Hapo wifi umenena.

[18:13] Zawadi: Maji ya tambi nitie kiasi gani? Gesi naona inaelekea ukingoni, sitaki iishe katikati.

[18:16] Ba'mdogo Hamisi: Chemsha kwenye jagi la umeme. Jagi la lita 1.7 likijaa linakula chini ya uniti 0.2 za LUKU. Chemsha mara mbili, jumla karibu lita tatu na nusu, mimina kwenye sufuria kubwa, gesi ikazi ya kurudisha mchemko tu. Funika mpaka ichemke, ukishatia tambi funua, la sivyo povu litamwagika lizime moto.

[18:17] Ba'mdogo Hamisi: *gesi ibaki na kazi ya kurudisha mchemko

[18:19] Shangazi Mwajuma: Kwa kawaida ni lita moja kwa kila gramu 100 za tambi, ila lita tatu na nusu kwa nusu kilo zinatosha mradi ukoroge. Chumvi ungetia vijiko viwili vya chakula, lakini Mama ana presha. Tia kijiko kimoja, na kwenye rojo usitie hata punje mpaka samaki aingie uonje.

[18:20] Neema: Kwa mwenye presha safari nyingine nunua jodari wa maji, umchuje, umsuuze chini ya bomba. Chumvi inapungua. Ladha nayo inapungua kidogo, unaongeza limau na pilipili manga.

[18:21] Sele: Na mafuta kwenye maji ili zisigandane

[18:24] Shangazi Mwajuma: Hapana. Mafuta yanaelea juu, tambi ziko chini, hayakutani. Yanakuja kukutana wakati unachuja, yanazipaka utelezi, halafu rojo halishiki, linabaki chini ya sahani. Kinachogandisha ni ule wanga wa juu ya tambi dakika mbili za mwanzo. Hapo ndipo unakoroga kwa uma bila kuacha. Zikivuka dakika hizo mbili hazikusumbui tena, unakoroga mara moja moja.

[18:26] Zawadi: Rojo tayari, njia ya mwiko inabaki 👌 Nimeliepua nimefunika. Maji yanachemka. Nizivunje tambi?

[18:27] Neema: Ukiwa na watoto vunja mara mbili, hawatapigana na uma. Waitaliano wakusamehe.

[18:29] Shangazi Mwajuma: Angalia paketi imeandika dakika ngapi. Ikisema 10, wewe toa dakika ya 8. Zitamalizia kuiva ndani ya rojo. Ukiuma moja katikati unaona kidoa cheupe chembamba kama sindano, ndiyo hapo. Kidoa kikubwa ni mbichi. Kisipokuwepo kabisa zimeshapita, na kwenye rojo zitakuwa uji.

[18:30] Shangazi Mwajuma: NA KABLA YA KUCHUJA chota kikombe kimoja cha yale maji uweke pembeni. Usisahau, watu wote wanamwaga.

[18:31] Zawadi: Ya nini hayo maji?

[18:33] Shangazi Mwajuma: Yana wanga. Ndiyo yanayofanya mafuta na nyanya vishikane na tambi badala ya kutengana. Maji ya bomba yatazimua tu. Na ukishachuja usisuuze kwa maji baridi, unaosha wanga huo huo.

[18:40] Zawadi: Nimechuja, kikombe ninacho.

[18:43] Shangazi Mwajuma: Rudisha rojo motoni, moto wa kati. Likianza kutokota tia tambi zote na nusu ya kile kikombe, geuza kutoka chini kwenda juu dakika mbili. Zikikauka ongeza kidogo kidogo. Sasa zima moto. Jodari anaingia sasa, moto umezimwa. Mvunje kwa uma vipande vya ukubwa wa kidole gumba, mtandaze juu, geuza mara tatu au nne, basi.

[18:44] Sele: Mbona mwisho hivyo? Mimi ningemkaanga na kitunguu

[18:46] Ba'mdogo Hamisi: Ameshaiva huyo. Kopo likishafungwa kiwandani linapikwa ndani ya mtambo wa mvuke kwa joto la kama nyuzi 116 hadi 121. Ukimpika tena robo saa anakauka anakuwa nyuzi nyuzi, na shombo inapanda nyumba nzima. Anahitaji kupata moto tu.

[18:48] Shangazi Mwajuma: Ndiyo maana. Zawadi malizia na nusu limau, pilipili manga, na giligilani kama unayo. Onja ndiyo uamue chumvi.

[18:49] Neema: Jibini ikoje juu yake?

[18:51] Shangazi Mwajuma: Kwa samaki siipendi, na Waitaliano wengi nao hawaweki, inafunika ladha na kuongeza chumvi. Ukitaka kitu cha kutafuna, chukua slesi mbili za mkate wa jana, zifikiche, zikaange kwenye kikaango kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka ziwe kahawia, nyunyiza mezani. Watu wa Sisili wanaweka hivyo kwenye tambi za sadini.

[18:52] Zawadi: Zimeshika vizuri, rojo halijabaki chini ya sufuria. Chumvi sijaongeza, haikuhitajika.

[18:53] Neema: Sasa swali langu, mimi nina sadini, kile kikopo bapa cha gramu 125, na kopo refu la samaki wa sosi ya nyanya. Ni hivyo hivyo?

[18:57] Shangazi Mwajuma: Tofauti. Sadini ni laini, ukimgeuza sana anakuwa pasti. Mponde mmoja kwenye mafuta pamoja na saumu ayeyuke atie ladha, waliobaki uwalaze juu ya sahani wazima. Miba yake imelainika, inaliwa, usihangaike kuitoa. Lile kopo refu lina sosi yake, hivyo nyanya weka mbili tu. Watoe samaki kwanza, sosi iingie kwenye nyanya ichemke dakika tano kwa sababu huwa nyepesi, halafu uwarudishe mwishoni. Wapasue katikati utoe uti wa mgongo kama watoto hawautaki. Unaliwa lakini wanaukataa.

[18:58] Sele: Na sisi wa sufuria moja na kikaango cha kuazima?

[19:02] Neema: Tambi gramu 250 uzivunje, maji moto mililita 750, kitunguu, saumu, nyanya mbili, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote sufuria moja pana. Ikichemka geuza kila dakika moja, hii haitaki kuachwa, inashika chini. Dakika 10 mpaka 12 maji yanakuwa rojo. Yakiisha kabla hazijaiva ongeza robo kikombe. Zima, tia jodari na mafuta yake, limau. Mnakula wawili au watatu.

[19:03] Sele: Hiyo ndiyo yangu. Nikibakiza nile asubuhi?

[19:06] Ba'mdogo Hamisi: Hosteli una friji? Kama huna usibakize. Jodari akikaa kwenye joto anatengeneza sumu iitwayo histamini, na hiyo haifi kwa kupasha moto. Unaona uso unakuwa mwekundu, mdomo unawasha, kichwa kinauma, unadhani ni mzio. Kopo lililofunguliwa nalo lisiingie kwenye friji hivyo hivyo, hamishia kwenye bakuli lenye kifuniko na umtumie ndani ya siku mbili.

[19:07] Shangazi Mwajuma: Za kwenye friji ukizipasha tia vijiko viwili vya maji kwanza, funika, moto mdogo. Bila maji zinakatika.

[19:09] Zawadi: Bibi anauliza kwa nini Neema kaniambia nivunje tambi mara mbili, yeye anataka ndefu.

[19:10] Neema: 😂😂 Mwambie Bibi zake kesho nazipika nzima, sadini ninazo.